Nyimbo Zilizochaguliwa na Vidole

Mjukuu wangu alikuwa hajala tangu jana yake, na mtu akikataa chakula changu huwa naanza kutafuta ugonjwa wake. Alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, magoti yamegusa kidevu, kompyuta mbele yake na spika ndogo pembeni.

"Bibi, wewe fuma tu," akaniambia. "Usinijali mimi. Fuma kama kawaida, nyimbo zitapita."

Nikafuma. Nilikuwa na masweta ya shule ya kumaliza kabla baridi haijakaza, yote ya bluu. Sweta la bluu halina mazungumzo, unalifuma huku mawazo yako yako kwingine, na siku hiyo mawazo yangu yalikuwa kwa huyo mtoto.

Nyimbo zenyewe ni za albamu yao ya pili. Bendi yao inaitwa Magodoro, kwa sababu mazoezi wanafanyia chumba changu cha nyuma, pale mume wangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akishonea magodoro. Mabovu bado yameegemea kuta na yanameza kelele vizuri. Wanapiga muziki wa roki, hawana kampuni wala meneja, hawana hata mtu mzima wa kuwaambia hapa kateni. Mjukuu anaimba na kupiga gitaa. Kinyozi, ambaye ni kinyozi kweli, anapiga gitaa la besi. Sufuria anapiga ngoma. Huyo ni msichana mwenye mikono ya mbeba mizigo, mchana anauza vipuri vya pikipiki, na jina alilipata utotoni kwa kupigia ngoma masufuria ya mama yake.

Albamu ya kwanza waliirekodi humo humo chumba cha nyuma, mlango umezibwa kwa blanketi. Wimbo mmoja una mvua juu ya bati, na mvua hiyo hakuna aliyeialika. Nyimbo zilikuwa fupi, zina hasira, zinaisha kabla hujajua zimeanza. Nilidhani watasikiliza wao na rafiki zao basi. Kumbe ikatoka, ikatembea. Siku moja nimekwenda kuchukua uzi, namkuta muuza uzi anaimba maneno yaliyotungwa nyumbani kwangu, tena anayakosea, na anayakosea kwa sauti kubwa. Mtangazaji mmoja, yule wa kipindi cha muziki cha Jumamosi mchana, akaisifu redioni hadi nikaona haya. Ila alimalizia na neno ambalo liliingia humu ndani kama moshi na halikutoka: "Ya kwanza mtu anaweza kubahatisha. Tukutane kwenye ya pili."

Na ya pili ndiyo hiyo sasa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mtangazaji alitaka atumiwe nyimbo kesho yake asubuhi, aipige albamu nzima kwenye kipindi, aipime na ya kwanza watu wote wakisikia. Wale watatu nao walikuwa wameshapeana mikono mbele yangu: isipoifikia ya kwanza, wanafunga bendi. Kinyozi ana mjomba anayemwita akasimamie saluni mji wa mbali. Sufuria kachoka kudanganya dukani kwamba ana msiba. Na mjukuu ana mama yake, yaani binti yangu, ambaye ni nesi na akisema amesema. Alimwambia hivi: "Nimekuachia hadi albamu ya pili. Isipokuwa kitu, unarudi chuoni, na gitaa litabaki kwa bibi yako." Mtoto yule akilitaja neno chuo unasikia kama anataja kaburi.

Basi nilifuma, roho juu.

Wimbo wa kwanza ukapita. Katikati ya wa pili kidole gumba na mwenzake vikakaza, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Nikateremsha sindano mapajani nikasubiri. Hivyo ndivyo ninavyofanya. Napumua taratibu, maumivu yanapita, naendelea. Baridi yabisi hiyo ilinianza baada ya albamu ya kwanza kutoka, na sikumwambia mtu. Ningemwambia binti yangu, siku hiyo hiyo sindano zangu zingewekwa juu ya kabati, nami ningekalishwa mlangoni nitazame wapita njia kama paka.

Nilipoinua macho, mjukuu alikuwa ananitazama. Hakuwa ananitazama usoni, macho yake yalikuwa kwenye mikono. Uso wake ukalegea, akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima.

"Na leo tena umekukamata," akasema, kama anayejisemea.

"Nimekamatwa na nani?"

"Hamna, Bibi. Endelea." Akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mkate, akala.

Nilifurahi kuona anakula. Sikujua anakula nini hasa.

Sufuria akaja baadaye kidogo, mjukuu akiwa kaingia kuoga. Yule haingii nyumbani, anavamia.

"Shikamoo Mizani!"

"Marahaba. Na leo utaniambia. Hilo jina la Mizani ni unene wangu au ni nini?" Maana kweli nikikaa kwenye benchi, mwenzangu wa upande wa pili huwa anashika ukuta.

"Bibi jamani! Unene wako una kosa gani? Mizani kwa sababu unatupimia."

"Nawapimia nini mimi, ninayeweka pamba masikioni mkianza tu?"

Akatazama mlango wa bafu. Akasikia maji yanamwagika, na ulimi hauna mfupa, akasema yote. Wakati wa albamu ya kwanza waligundua kwamba nyimbo nyingine zikipigwa mimi naacha kufuma. Sijui hata kama nimeacha, nakaa tu sindano ziko hewani, mdomo wazi. Nyimbo nyingine naendelea na kazi yangu kama hakuna kitu. Wakaanza kukonyezana. Wimbo uliosimamisha mikono ya Bibi uliingia kwenye albamu, na ambao haukuisimamisha ulitupwa.

"Na uone ilivyotoka!" akasema. "Hatukukuambia kwa sababu ungejua, ungetuigizia."

"Na hii ya pili?"

"Hiyo usiseme! Hii umesimama hadi tukaogopa. Tulirekodi nyimbo zote, tukakupigia, tukachagua zilizokusimamisha. Kuna mmoja ulisimama kila ubeti! Kinyozi akasema, jamani, Bibi atatufia na utamu. Kwa hiyo mtangazaji aje na mizani yake, sisi tuna yetu."

Wimbo wa kila ubeti niliukumbuka vizuri sana. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu hadi ndani.

"Na zile ambazo sikusimama?"

"Hizo zimekufa," akasema Sufuria, akafungua friji yangu bila kuomba.

Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kiberiti. Nilikishika mkononi nikawa bado nakitafuta. Watoto watatu wameweka maisha yao juu ya vidole vibovu, na mwenye vidole ni mimi. Nikinyamaza, kesho mtangazaji anapewa nyimbo zilizochaguliwa na ukungu. Nikisema, yule mtoto aliyekula kipande kimoja cha mkate atakitapika. Na muda hakuna.

Nikajifariji: labda ni nzuri hivyo hivyo. Nikajaribu kuzikumbuka kwa haki. Zilikuwa ndefu, zina milango mingi, unaingia huku unatokea kule, kuna kinanda, kuna sauti za kuitikia zilizopangwa juu ya sauti nyingine. Mtu anayefuma sweta lake la kwanza anafuma kwa woga wa sweta. La pili analifuma kwa woga wa lile la kwanza, analitia maua na mistari, mwisho mikono haipiti. Lakini nitamhukumu nani? Nyimbo hizo nilizisikiliza kwa sikio moja, sikio la pili lilikuwa kwenye vidole. Sikujua. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hata mimi mwenye mizani sikujua uzito.

Mimi ni mtu wa kusubiri, kila anayenijua atakuambia. Nilimsubiri mume wangu aache ubishi, akaacha. Lakini kuna kusubiri, na kuna kujificha nyuma ya kusubiri.

Kinyozi akaingia kwa mlango wa nyuma, bado ana nywele za wateja kwenye mabega.

"Mchumba wangu, mbona umeshika kiberiti na jiko linawaka?"

"Nawaza mahari yako itafika lini. Hebu njoo. Simu yako ina zile nyimbo mlizozitupa?"

"Zimo. Unazitakia nini maiti?"

"Nipigie mmoja nikazike vizuri."

Akacheka, akanipigia. Ulikuwa wimbo mpole, gitaa linatembea peke yake na mjukuu anaimba chini chini, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyelala. Siku walipoupiga nilikuwa nimekaa juani mchana, vidole vyepesi, nikafuma mkono mzima wa sweta bila kujua. Siwezi kusema wimbo ule ni mzuri. Nasema tu kwamba haukushindwa kwangu. Ulishindwa na jua.

"Vipi?" akauliza Kinyozi.

"Wako wapi wenzako? Waite wote. Nina neno."

Walikuwa chumba cha nyuma. Mjukuu amekaa juu ya godoro lililolala, kompyuta mapajani, anapanga nyimbo za kutuma. Alikuwa amechangamka, hamu imemrudia, ana ndizi mkononi. Nilitamani ndizi ile iishe kwanza. Nikasubiri hata akaimaliza.

"Kama ni kelele, Bibi, leo hatupigi," akasema Sufuria.

"Si kelele. Ni mikono yangu."

Sufuria akajiziba mdomo. Mjukuu akamgeukia polepole.

"Umemwambia?"

"Ilinitoka."

"Ilikutoka! Wewe kuna kitu kinakaa ndani yako?"

"Mwacheni," nikasema. "Nani kaniambia si hoja. Tazameni." Nikanyoosha mikono mbele yao kwenye mwanga wa dirisha. Vidole vingine vikanyooka. Viwili havikunyooka, vifundo vyake vimevimba kama njugu. "Ya kwanza nilisimama kwa sababu ya nyimbo. Sikujua, lakini nilikuwa mzima. Hii ya pili nimesimama kwa maumivu. Baridi ikija navikunja, ikipita nafuma. Mliniona nasimama, mkaandika mshindi."

Sufuria akaanza kucheka, kile kicheko kinachomponyoka mtu msibani, akashindwa kukizuia hata machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo ule wa kila ubeti..." akasema Kinyozi.

"Siku ile kulikuwa na ukungu, baba."

"Yaani tumechaguliwa albamu na baridi yabisi?" Akajishika kichwa. "Mimi nimemwambia mjomba wangu asubiri kwa ajili ya baridi yabisi! Bibi, na wewe, mficha maradhi..."

"Nyamaza," mjukuu akamkata. Hakuwa amepandisha sauti. Akaweka kompyuta chini. "Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza ilipotoka."

"Na hukusema."

"Ningesema, mama yako angeninyang'anya sindano."

"Mimi nakutazama hiyo mikono kila siku. Kila siku, Bibi! Naitazama kuliko ninavyotazama uso wako." Sauti ikaanza kumvunjika. "Kila ulipoumwa, mimi nilifurahi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliogopa albamu, niliogopa chuo, niliogopa mjomba wa Kinyozi, lakini hilo halikuniingia akilini. Nikataka kumshika, akainuka akasimama dirishani akatupa mgongo.

Kinyozi ndiye aliyerudi kwenye shida yenyewe. "Tumwombe mtangazaji atupe muda."

"Tukiomba muda atasema redioni wameogopa," akasema Sufuria, anajifuta macho kwa bega. "Na ameshatutangaza."

"Basi tumtumie hivi hivi."

"Hivi hivi vipi, wakati hatujui tunamtumia nini?"

"Ulikuwa unajua jana!"

"Jana nilikuwa na mizani!"

Kisha, kama waliokubaliana, wote wawili wakanigeukia, safari hii wakanitazama usoni.

"Bibi, basi tuambie kwa mdomo," akasema Kinyozi. Utani wote ulikuwa umemtoka, akaonekana mdogo. "Zipi nzuri? Utakachosema ndicho tutakachotuma."

Nilikuwa na neno. Wimbo mpole ningeuingiza, ule wa ukungu ningeutoa, kwingine ningebahatisha, nao wangenishukuru, na kesho mambo yakiharibika ningekuwa nimewaua mara mbili. Nikafungua mdomo. Hadi leo sijui kingetoka nini.

"Hapana," akasema mjukuu. Alikuwa bado amegeukia dirisha. "Bibi, nenda sebuleni. Nakuomba."

"Nisikae hata pale kwenye kona?"

"Hata kwenye kona."

Nikafukuzwa chumba changu mwenyewe, kwa adabu lakini nikafukuzwa. Blanketi likashushwa mlangoni.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilichemsha maji, nikatumbukiza mikono, yakapoa, nikachemsha mengine. Sweta la bluu likanitazama kutoka kwenye kiti, nikalifunika. Nyuma kule nilisikia wimbo unaanza, unakatwa. Unaanza tena, unakatwa. Nikasikia Kinyozi anasema, "Huu unaupenda kwa sababu umeutunga wewe," na mjukuu anajibu, "Na wewe unauchukia kwa sababu besi yako haisikiki!" Fimbo ya ngoma ikagonga ukuta. Mlango wa nje ukafunguliwa, nikajua mmoja ameondoka, nikainuka nusu. Alikuwa Sufuria, amekaa kwenye ngazi, kichwa katikati ya magoti. Nilitaka kumpelekea chai. Nikajizuia, maana chai yangu ingekuwa na maoni. Akakaa, akakaa, kisha akarudi ndani mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la jirani walipotoka. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kinyozi akaniaga bila kuniita mchumba.

"Tumetuma," akasema mjukuu. "Tumeona tusisubiri asubuhi, tutazidi kugombana."

"Mmetuma zipi?"

"Utasikia kesho, na watu wengine."

Akachukua mikono yangu, akaipindua, akavitazama vifundo kimoja kimoja. Ni mtoto wa nesi, unaona. "Na hii tunamwambia mama," akasema. Sikubishana. Siku hiyo sikuwa na haki ya kubishana na mtu.

Jumamosi mchana wote watatu walikuja. Redio ilikuwa juu ya kabati, mimi kwenye kiti changu, Kinyozi amesimama kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali. Mtangazaji akaanza kwa mbwembwe zake, akapiga nyimbo mbili za albamu ya kwanza ili watu wakumbuke. Nilizichukia siku hiyo, zilikuwa nzuri mno. Kisha akaingia kwenye ya pili.

Wimbo wa kwanza ulikuwa ule mpole. Ulianza na gitaa peke yake, na nikaona Sufuria amefumba macho. Zikafuata nyingine. Chache nilizijua kwenye ile orodha ya maumivu, nyingine zilitoka kwenye zile zilizokufa. Ule wa kila ubeti haukuwemo. Kulikuwa na mmoja mrefu, wa nne, ambao ulipita sebuleni kama mgeni asiyejua pa kukaa, na wote watatu wakatazama sakafu. Sijui mikono yangu ilikuwa wapi. Hakuna aliyeitazama.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Mtangazaji akavuta pumzi karibu na kipaza sauti, makusudi, wanavyofanya.

"Ndugu wasikilizaji, swali ni lile lile. Je, imeifikia ya kwanza? Nimeisikiliza hii kazi tangu asubuhi, chai yangu imepoa mezani, na nitawaambia ukweli bila kumung'unya maneno. Albamu hii..."

Mjukuu akainuka akazima redio.

"Wewe!" Kinyozi akaruka. "Ungemwacha amalize!"

"Amalize nini?"

"Atuambie kama imefikia!"

"Wimbo wa nne ni mbaya," akasema mjukuu. Alisema bila kutetemeka, kama anayesema rangi ya mlango. "Ni mrefu na hauna kitu, na nilikuwa najua jana, nikaung'ang'ania. Ule wa kwanza ni mzuri kuliko chochote kwenye albamu ya kwanza. Nyingine zinalingana. Sasa wewe ulitaka akwambie nini zaidi?"

Kinyozi akakaa chini. "Wa sita nao besi ni ya kivivu," akasema mwishowe, chini chini. "Ni kosa langu."

"Wa sita mimi ngoma nilizikimbiza," akasema Sufuria. "Usijibebeshe peke yako." Kisha akauliza lile tuliloliogopa wote. "Kwa hiyo tunafunga au tunaendelea? Tulipeana mikono."

"Kesho baada ya chakula cha mchana, mazoezi," akasema mjukuu. "Anayetaka kufunga, afunge mlango nyuma yake. Baridi inamuumiza Bibi."

"Na mama yako?" nikamwuliza. "Si atakuwa amesikia redio hadi mwisho?"

"Atakuwa amesikia." Hapo wasiwasi kidogo ukamwingia usoni, nikamwona bado ni mtoto. "Nitaongea naye. Nitamwambia nilichowaambia ninyi, na wimbo wa nne nitamwambia."

Sufuria hakufunga mlango. Kinyozi akaenda uani kumpigia mjomba wake, na kwa jinsi alivyokuwa akisema samahani nikaelewa.

Na mtangazaji alisema nini? Mimi hadi leo sijui. Kwangu hakuna anayesema, na walikubaliana asiulize mtu. Jirani yangu anajua, maana redio yake huwa haizimwi. Tangu siku ile ananisalimia kwa namna fulani, anainamisha kichwa upande, na siwezi kutofautisha kama ni pole au ni hongera. Kila nikimwona anakuja, namwahi mimi kwa salamu. Namwambia habari za hali ya hewa, napita.